Rubisi ya Ghorofa ya Sita

Kitendawili: nyumba yangu ina milango mingi kuliko kijiji kizima, na hakuna hata mmoja unaogongwa.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukinipa Durban sitaupokea, maana huo tayari nilikuwa nao, na jibu limo humo humo. Ni lile jengo la Berea, juu ya kilima, ambako binti yangu Benedicta alikuwa amepanga vyumba viwili ghorofa ya sita. Alinileta mwaka wa tisini na nane, baada ya kumzika baba yake, marehemu Gadiel, kwetu Muleba. Alisema, "Mama, huwezi kukaa peke yako na migomba." Nikakubali. Nikafunga sanduku, nikaja kukaa peke yangu bila migomba.

Benedicta alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha uji kwa kijiko, anawasikiliza wakirudia hadithi ile ile. Akirudi, sauti yenyewe haitoki. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Anakula amesimama, analala. Sikumlaumu. Mtu akishinda kutwa anasikiliza wazee wa watu, masikio nayo yanataka kupumzika.

Mimi nikabaki na dirisha. Chini naiona robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, ikibadilisha rangi na taxi zikisimama na kuondoka, watu wanashuka na mifuko yao, wanakwenda zao. Mlango wa kulia alikaa Marie-Claire, Mkongo wa Uvira, msusi wa saluni kule mjini. Mlango wa kushoto walikaa Barthélemy na wenzake, Wakongo pia, wanaolinda magari ya watu ufukweni. Watu wema. Tukikutana kwenye lifti, "Jambo, mama," nami, "Jambo," lifti inafunguka, kila mtu anakwenda kwenye kufuli lake.

Mwezi wa sita ukaja na baridi. Watu wa Durban husema mji wao hauna baridi. Wangeuliza magoti yangu. Jioni moja Benedicta akaniambia, huku anavua viatu, "Mama, karatasi yako ya kukaa hapa inaisha mwisho wa mwezi wa saba. Nikuombee nyingine, au nikutafutie safari ya kurudi? Mimi nataka ubaki. Ila sitaki ubaki kwa ajili yangu, huku unaisha kidogo kidogo pale dirishani."

"Nipe muda," nikasema.

Nirudi wapi? Kaka yake Benedicta alikwishahamia Mwanza na wajukuu zangu wote. Nyumba ya Muleba ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi mwenyewe kwenye mkoba. Na nibaki wapi? Pale dirishani. Swali lile nililigeuza huku na huku likanishinda, kama kitendawili ambacho hata aliyekitega hajui jibu lake.

Ndipo nikakumbuka mambo ya kijijini kwetu. Mgeni akihamia, watu hawamwambii karibu kwa mdomo. Wanangoja apike pombe. Wakija kunywa, basi huyo amekuwa wa pale. Wasipokuja, aanze kuitazama njia aliyojia. Nikajiambia: Verediana, pika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu wa ghorofa hii wakija kunywa, unabaki. Wasipokuja, unamwambia mtoto akutafutie safari, na wala humwambii kwa nini.

Tatizo ni kwamba sikujua kupika.

Usicheke. Kwetu pombe ya ndizi ni kazi ya wanaume. Wao ndio huzivundika ndizi shimoni zikaiva, ndio huzikanyaga kwa miguu ndani ya gogo lililochongwa, wakiimba na kutukanana. Mimi, mke wa mpikaji aliyesifika, kazi yangu ilikuwa kuosha vibuyu na kumsikia Gadiel akigombana na shemeji zangu: "Hizo bado!" "Mtama umeuunguza wewe!" "Funika, funika, inapata baridi!" Nilizijua kelele za rubisi. Rubisi yenyewe sikuijua. Shule niliishia darasa la nne, na sasa, meno yamekwisha kupungua, nikaanza tena la kwanza.

Siku ya mapumziko yake Benedicta akanipeleka kwa taxi mpaka soko la Warwick. Ndizi za pombe hakuna. Kuna za kula tu, ndefu, laini, za kuwapa watoto wakiwa wagonjwa. Nikachukua mbichi. Lakini mtama! Hapo Durban ilinifurahisha. Wazulu nao wana pombe yao, kwa hiyo mtama uliooteshwa unauzwa waziwazi, kama sukari. Mama aliyekuwa akiuza akanitazama usoni, akaniita gogo, yaani bibi kwa Kizulu.

"Gogo, unapika umqombothi?"

Benedicta akamjibu kuwa si hiyo yao ya mtama, napika ya ndizi. Yule mama akacheka mpaka akajishika kwenye meza.

"Ndizi? Eish, gogo! Ndizi si za nyani?"

"Mwambie," nikamwambia Benedicta, "nyani wa kwetu wamesoma, wanazipika kwanza."

Akatafsiri, na yule mama akaniongezea gao la mtama juu ya niliopimiwa, bado anacheka. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimechekesha mtu. Nililala vizuri.

Haya, kitendawili kingine: kaburi langu dogo, anayezikwa humo hufufuka mtamu. Hicho ni chepesi, ni shimo la kuvundikia ndizi. Lakini ghorofa ya sita utachimba wapi? Sakafu ile ukiigonga kwa mwiko, mtu wa ghorofa ya tano anagonga dari yake. Nikaitazama nyumba yote, mwisho nikalitoa sanduku langu la safari, nikatandika magazeti, nikazipanga ndizi, nikazifunika kwa kitenge kizito na kulisukuma nyuma ya friji, pale inapotoa joto.

"Mama," Benedicta akaniuliza, "nguo zako ziko wapi?"

"Kwenye mfuko wa plastiki. Nguo hazioni baridi."

Ndizi zikaiva. Nikajiona bingwa. Nikazimenya, nikakata majani kwenye bustani ya mtaa wa pili, maana kwetu ndizi hukamuliwa kwa kusuguliwa na majani, yanashika nyama na kuachia maji. Majani ya Durban ni laini kama nywele za mtoto mchanga. Niliposugua nikapata uji wa kijani. Nikauchuja kwa kitambaa mpaka mikono ikatetemeka, nikapata maji ya kujaza nusu ya ndoo ndogo. Ndoo yenyewe Benedicta aliipata kwa Mhindi wa dukani; ilikuwa ya achari ya embe. Niliiosha kwa sabuni, nikaiosha kwa majivu, nikaianika. Nikakaanga mtama, nikautia, nikafunika, nikangoja.

Hakuna kilichotokea. Baridi ilikuwa imeishika. Nikangoja zaidi, na nilipofunua, nilikuta siki. Tena siki yenye harufu ya achari ya embe. Benedicta akaonja kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa, akakaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Mama, hii... tunaweza kuila na samaki."

Tukaila na samaki.

Mara ya pili nikapata ndoo mpya, kubwa, na kwa kuwa baridi ilinitisha, nikaitilia hamira ya mkate. Ikachemka! Ilivuma kama nyuki. Nikafurahi kupita kiasi, nikaijaza kwenye chupa za plastiki za soda na kukaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, isije ikapata baridi. Kesho yake nilikuwa nimekaa dirishani niliposikia mshindo jikoni, halafu mwingine. Nilijitupa chini. Nilidhani wamevamia. Nilipopata ujasiri wa kuchungulia, rubisi ilikuwa darini, ukutani, kwenye kalenda ya kanisa, inadondoka tone tone juu ya jiko. Nikasimama katikati nikalia. Sikulilia pombe. Nililia kwa sababu ajabu kubwa kama ile imetokea, na hapakuwa na mtu wa kumwita nimwambie, "Njoo uone!"

Nilipokwisha kulia nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta. Na katika kufuta ndipo akili ikarudi. Nikamsikia Gadiel: funika, lakini usiikabe. Pombe nayo inapumua.

Mara ya tatu nilikwenda polepole. Ndizi nilizitoa sandukuni zikiwa njano tupu, kabla ya madoa kuwa mengi, maana zikilegea sana hazitoi maji, zinatoa uji. Badala ya majani nilichukua ile mifuko ya wavu wanayouzia machungwa, nikaichemsha, nikasugulia ndizi kwa hiyo. Wavu ule wa plastiki ndio majani ya Durban! Nyama ikashikwa, maji yakaanza kutiririka, matamu, ya kunata. Nilicheka peke yangu jikoni. Mtama niliukaanga mpaka ukawa na rangi ya kahawa, nikautwanga kwa chupa. Halafu nikafanya ambalo Gadiel asingelikubali. Nilitia tangawizi, kwa ajili ya magoti, na maganda ya machenza niliyoyakausha dirishani, maana machenza ndiyo matunda ya baridi yao na yalijaa kila kona. Sikupima kwa kitu. Nilinusa, nikaongeza, nikanusa tena. Rubisi ya kwetu haina msimu wa baridi. Hii ilikuwa nayo.

Sasa sikiliza hiki: mume wangu hana miguu, namfunika blanketi, na kutwa nzima ananong'ona.

Ndiyo hiyo ndoo. Niliilaza kitandani kwangu, nikaizungushia blanketi mbili na koti la Benedicta, na mdomo wake nikauziba kwa kitambaa tu, ipumue. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa baridi, nami nikaingia humo humo. Nikalala ubavuni mwake mchana, nikaweka sikio. Ilikuwa inasema. Si maneno, ni ile sauti ndogo ya povu linalopasuka, psi, psi, psi, kama watu wengi wanaozungumza mbali. Ni tangu Muleba sijalala karibu na kitu kinachozungumza.

Jumamosi asubuhi nikaonja. Mwanzo utamu, halafu ukali wa ndizi iliyogeuka, halafu tangawizi ikakuchoma kooni na kushuka mpaka vidole vya miguu. Mwisho kabisa, ukisha kumeza, chenza. Nikaketi chini. Ilikuwa nzuri. Gadiel angegomba kwanza, kisha angeomba nyingine.

Nikajua la kufanya. Nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, kulikuwa na mgomba mmoja usiozaa kitu. Nikashuka, nikakata jani moja refu, nikalitundika juu ya mlango wetu. Kwetu hutangazi pombe kwa mdomo, ni kama kujisifu, na mwenye pombe hazunguki kubisha hodi kwa watu. Unatundika jani. Anayepita anaona, anaingia, anakuta mahali pa kukaa. Nikatandika mkeka, nikapanga viti viwili na ndoo ya maji iliyogeuzwa, nikafuta vikombe, nikaacha mlango wazi kidogo.

Benedicta alikuwa zamu. Nilikaa nikisikiliza.

Wa kwanza alipita, nyayo zikasimama, zikarudi nyuma, zikapita tena mbio. Wa pili akapita akikwaruza ukuta wa upande wa pili. Nikachungulia. Marie-Claire alikuwa anatoka na mfuko wake wa nywele za bandia. Akaliona jani. Akapiga ishara ya msalaba, akashuka kwa ngazi, ghorofa sita, lifti akaiacha.

Hakuingia mtu. Jua likaondoka kwenye mkeka. Benedicta aliporudi alilitazama lile jani, akavitazama vikombe, akanitazama.

"Mama, unangoja wageni?"

"Hapana. Nimesafisha tu."

Akataka kusema neno, usingizi ukamshinda. Nami nikakaa pale kitandani kando ya ndoo, nikasema moyoni, basi, Verediana, umejibiwa. Rubisi haikai. Siku moja ni tamu, ya pili ni kali, ya tatu ni siki. Nilikuwa na Jumapili moja tu iliyobaki.

Jumapili asubuhi nikapeleka taka chini. Nilipokuwa narudi, lifti ikafunguka, na Barthélemy alikuwamo, amevaa suti ya kanisani. Aliponiona akasogea mpaka mgongo ukagusa kioo, akasahau kutoka, lifti ikapanda nasi.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba. Umeamkaje?"

"Bien, bien." Akanyoosha koti la suti. "Mama, pardon. Ile jani ya ku mulango... ni ya nani?"

"Yenu," nikasema.

"Yetu?"

"Yenu nyote wa huku juu. Nimewatundikia ninyi."

Nilimwona mtu mzima akigeuka rangi. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "siye tulikukosea nini?"

"Makosa gani tena? Nawaita mje mnywe."

"Tukunywe? Tukunywe ile dawa?"

"Dawa gani, wewe! Pombe! Pombe ya ndizi!"

Lifti ilikuwa imefika juu na mlango umefunguka, wala hatukutoka. Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau siku nyingi.

"Kasiksi?" akasema, kumbe kwao ndilo jina lake. "Mama, uko na kasiksi mu nyumba, na siye tunaruka ngazi tangu jana tukiogopa uchawi?" Akatoka mbio kwenye ujia, na suti yake vile vile, akipiga kelele. "Marie-Claire! Toka! Si dawa! Ni kasiksi! Mama ya Tanzania amepika kasiksi!"

Nilicheka mpaka machozi. Jani nikalitoa mwenyewe. Nikasema, haya, Gadiel, wanakuja.

Na kweli walikuja. Baada ya kanisa mlango ulijaa. Barthélemy na wenzake, jirani wa mwisho wa ujia na mkewe, wengine ambao sijawahi kuwaona, wa ghorofa ya nne. Nikachota, nikampa Barthélemy kikombe. Akakinywa amesimama, akafumba macho.

"Mama," akasema, "iko na tangawizi?"

"Ya magoti."

"Iko muzuri sana! Baba yangu hakufikisha hii." Akageuka kwa wenzake. "Onjeni, wapagani nyinyi!"

"Karibuni mkae," nikasema. "Viti hivyo. Mkeka huo."

"Merci, mama, merci. Tuko na haraka kidogo, tunaingia kazini saa kumi." Na kutoka nyuma ya mgongo akatoa chupa ya soda ya lita mbili, tupu, imeoshwa. "Weka tu humu, mama."

Wote walikuwa na chupa.

Nifanyeje? Nikachota. Nikamimina kwenye chupa baada ya chupa, kila mtu ananishukuru kwa mikono miwili, kila mtu anasema mama, unajua, mama, Mungu akubariki, mama, uza hii, sharp, utatajirika. Niliwaonya wasikaze vifuniko. Marie-Claire alikuja wa mwisho, alinusa tu mdomo wa chupa yake na kuondoka nayo ameikumbatia. Ndoo ikabaki na kikombe kimoja. Mkeka haukuwa umekunjika hata pembe.

Nikafunga mlango, nikaketi kwenye kiti.

Sasa niamue vipi? Nilisema wakija kunywa nabaki. Walikuja. Kunywa wanakunywa. Nilikuwa nawasikia ukutani, upande wa kushoto, vicheko, mtu anaimba kwa Kiswahili chao. Pombe yangu ilikuwa imekaa na watu, inazungumza. Mimi ndiye sikukaa. Niliwahi kuwa mpweke kwa kukosa wageni. Sikujua mtu anaweza kuwa mpweke zaidi wakisha kuja.

Nilikaa hivyo mpaka nikajikasirikia. Kwetu mwenye pombe hatoki kwake. Lakini kwetu pombe nayo haitoki. Kama yenyewe imevunja desturi na kwenda kwa watu, mimi nimekalia nini? Nikamimina kile kikombe kilichobaki, nikajifunga kitenge, nikatoka nacho. Kwa mara ya kwanza nikagonga mlango kwenye nyumba ile.

Nilianza kwa Barthélemy. Mlango ukafunguliwa, vicheko vikakatika. Chumba kile kilikuwa vitanda tu, kimoja juu ya kingine, na vijana wanavaa zile fulana zao za kulindia magari. Wakasimama wote. Mmoja akaficha sigara. Wakaniletea ndoo nikalie, wakanizunguka, mikono mbele, kama mbele ya padri. Nikasema habari zenu, wakasema muzuri, mama. Nikanywa funda moja. Nikaona ninawazuia, na saa ya kazi inawafukuza. Nikawaaga. Nilipofunga mlango vicheko vikarudi, na sikuona ubaya, vijana ni vijana. Ila miguu ilikuwa mizito.

Nilikuwa narudi kwangu. Nasema ukweli, nilikuwa narudi. Lakini nilipofika mlangoni kwangu niliutazama ule wa Marie-Claire, hatua chache mbele. Taa yake ilikuwa inaonekana chini. Nikagonga.

"Ni nani?"

"Mama Benedicta."

Alifungua akiwa peku, suruali imekunjwa. Katikati ya chumba kulikuwa na kiti kimoja na beseni la maji ya moto. Alikuwa anaikanda miguu. Msusi husimama kutwa. Mezani ilikuwepo chupa yangu, imejaa vile vile, hajaigusa.

"Hukuipenda?" nikamuuliza.

"Apana, mama. Niliipenda sana." Akaketi, akarudisha miguu majini. "Inanuka sawa nyumbani. Inanuka sawa baba yangu siku ya sikukuu. Nikaona, nikiifungua, itakwisha. Nikasema niiweke."

"Uiweke mpaka lini?"

"Mpaka bana bangu bafike. Batoto wangu. Bako ku Uvira na dada yangu."

"Watafika lini?"

Akainua mabega. Maji ya beseni yakatikisika.

Nikaitazama ile chupa. Alikuwa amekaza kifuniko, mwanamke yule, na tumbo la chupa lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma.

"Binti yangu," nikamwambia, "hii si divai. Haiwekwi. Kesho ni siki, na kwa jinsi ulivyoikaza, haifiki kesho. Itapanda darini, kama yangu ilivyopanda. Ilipaka kalenda ya kanisa."

"Kalenda ya kanisa?"

"Mtakatifu mzima, mpaka kwenye ndevu."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa kuziba mdomo, kisha bila kuziba. Nikaichukua chupa nikaifungua taratibu, taratibu, ikapiga kelele kama paka, povu likatushukia mikononi, tukalinywea hapo hapo kwenye vidole. Nikampa kikombe changu. Hakuna kiti kingine, nikakaa kitandani. Tukanywa zamu kwa zamu. Aliniambia majina ya watoto, na yupi anayeogopa radi, na yupi anayekula udongo. Nami nikamweleza Gadiel alivyokuwa akionja rubisi huku amefumba jicho moja. Maneno mengine hatukuelewana, Kiswahili chake na changu havikulelewa nyumba moja. Hatukuyarudia, tuliyaacha yapite.

Katikati ya neno akalala. Kichwa kiliinama tu, miguu bado majini. Maji yakipoa yatamwumiza, nikasema, kwa hiyo nikaitoa miguu yake mmoja mmoja, nikaifuta kwa kitenge changu, nikaisogeza juu ya gazeti. Hakuamka. Nikarudi kitandani nikakaa. Dirisha la kwake linatazama ukuta. Sikuwa na la kutazama, nikamtazama yeye, anavyopumua.

Kwenye ujia nikasikia viatu vikikimbia. "Mama! Mama!" Benedicta alikuwa amerudi kutoka zamu akakuta mlango wazi na nyumba tupu. Nikafungua mlango wa Marie-Claire kidogo.

"Nyamaza, amelala."

Akasimama pale na sare yake ya kazi, mkono kifuani. "Nilidhani... Mama, hujawahi kutoka."

"Leo nimetoka. Ingia, vua viatu. Usipige teke beseni."

Akaingia kwa kunyata. Akaketi kitandani ubavuni mwangu, bega kwa bega, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Nikammiminia iliyobaki. Hakunywa amesimama. Akanywa, akafikiri, akakunja uso kidogo.

"Ni nzuri, mama. Ila mwishoni kuna uchungu."

"Ni maganda ya machenza, niliyaacha yakalala humo. Ya mwezi wa nane nitayatoa mapema."

Akageuka kunitazama. "Mwezi wa nane?"

"Sasa mbona unapiga kelele," nikamwambia, "na mwenzako kachoka?"

Akanilalia begani, mzito, ananuka sabuni ya wazee wa watu. Nilijua kesho watakwenda kazini wote wawili, na ujia utakuwa mtupu kama siku zote, na mimi na dirisha langu. Nilijua hilo. Nikashika kikombe kisimwagike, nikakaa hivyo katikati yao, mmoja amelala huku, mwingine anaelekea kulala huku, mpaka bega likafa ganzi.